Modesta wa Chumba cha Kuoshea Chupa

Kama uliishi Kihonda mwanzoni mwa miaka ya tisini na ukawa na mazoea ya kuazima vitu, basi unamjua Modesta Mlunga, hata kama jina umelisahau. Ndiye yule mama mfupi aliyekuwa akikuazima kinu, kisha anasimama dirishani kukuangalia unavyokibeba. Chumvi yake aliitia alama ya kucha ndani ya kopo. Kuku wake aliwatambua kwa hatua zao. Ukimwamkia shikamoo mara mbili kwa siku moja, aliitikia zote mbili, halafu alishinda akijiuliza ile ya pili ilikuwa ya nini.

Majirani walisema ana roho mbaya. Walimwonea. Kazi yake ndiyo iliyomfanya hivyo. Kwa miaka kumi na minne Modesta alikuwa mhudumu katika maabara ndogo ya mifugo nje kidogo ya mji, mahali ambapo ng'ombe waliokufa ghafla waliletwa vipande vipande ndani ya madebe, wataalamu wapate kujua kilichowaua. Mtu akikaa miaka yote hiyo kati ya chupa zinazoonekana safi kumbe zimejaa mauti, hawezi tena kuangalia kikombe cha chai kwa macho ya kawaida.

Alitoka Matombo, kwa masista, ambako alimaliza darasa la saba na kujifunza kuosha vyombo hadi vilie. Baba wa binti yake, Juliana, alikwenda kutafuta vibarua kwenye mashamba ya miwa na hakurudi, wala Modesta hakumtafuta, maana hata alipokuwepo hakumwamini. Alibaki na huyo Juliana, mtoto mmoja, wa kike. Kwa Waluguru hilo si jambo dogo. Lukolo, yaani ukoo, unapita kwa mama, na mashamba ya migomba ya kule mlimani yanamfuata mwanamke. Wa kuurithisha ukoo upande wa Modesta alikuwa Juliana peke yake, na Juliana alikuwa ameshapoteza mimba mbili.

Maabara ilikuwa na milango miwili, na katikati yake chumba kidogo chenye kulabu, beseni na ndoo ya dawa. Sheria yake ilikuwa nyepesi kueleza. Koti jeupe linavaliwa ndani na kuvuliwa ndani. Likivuliwa, linatumbukizwa kwenye ndoo ya dawa, na Ijumaa yote yanaingia kwenye pipa la mvuke, lile lililofungwa kwa skrubu nene, yapikwe pamoja na chupa na vyakula vilivyooteshewa wadudu. Mikono inanawiwa hadi kwenye viwiko. Chakula hakiingii. Na hakuna kinachotoka mlango wa pili kabla ya kupikwa, hata kalamu.

Sheria hiyo Modesta aliilinda kuliko walioiandika. Alimkamata fundi sanifu mmoja na muhogo kwenye droo, akautupa mbele yake. Daktari Bartholomeo, mkuu wa maabara, mtu mzima mwenye mvi, alikutwa na karanga mfukoni akanyooshewa mkono kama mwanafunzi, akazitoa zote. Palikuwa na daftari la ajali, ambamo ungeandika kama chupa imevunjika au kitu kimekurukia, na Modesta alilisoma kila jioni kuona nani ameficha nini. Mwenyewe hakuwahi kuandikwa humo, na alijivunia hilo.

Sasa sikiliza alivyojichimbia shimo.

Mambo yalipofunguliwa, kila mtu akawa ruksa kuuza anachoweza, na bucha zikazuka kila kona ya mji. Bwana Afya akasema hakuna kuuza nyama bila koti jeupe. Makoti yatoke wapi? Asubuhi moja mwaka wa tisini Modesta alikwenda sokoni kununua utumbo, akaona koti lake mgongoni mwa muuza nyama. Lilikuwa lake. Ndani ya kola alikuwa ameshona uzi mwekundu kwa mkono wake. Mwenye bucha akaapa kwamba amelinunua kwa mtu asiyemjua jina, na Modesta akarudi kazini akawatazama wenzake kumi na mmoja, mmoja mmoja. Macho yakatua kwa Thobias, fundi sanifu kijana kutoka Mbeya, kwa sababu moja tu: alikuwa amehamia mwezi uliopita.

Ushahidi hakuupata. Alichofanya ni kujilinda. Alipopewa koti jipya, alitafuta la zamani lililochanika mgongoni, na tangu siku hiyo ndilo alilotumbukiza kwenye ndoo, mbele za watu, kwa kishindo. Lile jipya alilikunja, akalitia kwenye mfuko wa rambo, akaufunga chini ya kanga, akatoka nalo. Lilifuliwa nyumbani, likapigwa pasi nyumbani, likalala nyumbani. Hakuna aliyemkagua, maana yeye ndiye aliyekuwa akikagua wengine. Kwanza, alijiambia, mimi naosha chupa zilizokwisha kupikwa. Uchafu uko upande wa akina Thobias.

Mwaka wa tisini na tatu, mwezi wa kwanza, Juliana alirudi kwa mama yake na mimba ya miezi miwili. Mumewe alikubali, kwa kuwa zile mbili zilitoka akiwa kwake, na sasa pande zote mbili zilitaka ajaribu kukaa kwa mama yake. Modesta alimpokea kama anapokea yai. Maji alimchotea yeye. Kuni alipasua yeye. Juliana akachoka kukaa bure, akaomba angalau kufua.

"Mama, nitaota mizizi hapa kwenye kiti."

"Fua, lakini ukae. Usiiname."

Mwezi wa tatu wa mwaka huo homa ikaanza. Ilikuja jioni, ikamlowesha jasho hadi shuka likakamulika, asubuhi ikaondoka. Mgongo ukamuuma, na magoti. Zahanati wakampa klorokwini, ikatulia siku tatu, ikarudi. Wakampa tena, mwezi wa nne ukaingia. Modesta hakuipenda homa ile. Alikuwa ameshamsikia Daktari akiwasomea wanafunzi dalili kama hizo, neno kwa neno, za binadamu aliyeambukizwa na ng'ombe. Ugonjwa ule wafugaji wanauita ugonjwa wa kutupa mimba.

Jina lenyewe lilimnyima usingizi. Mimba sasa ilikuwa na miezi mitano na mtoto alikuwa ameanza kucheza.

Basi akaanza kupekua. Juliana amekula nini, amegusa nini, nani ameingia uani? Hakuhitaji kwenda mbali. Siku hizo mshahara wa serikali ulikuwa haumfikishi mtu katikati ya mwezi, na kila mfanyakazi alikuwa na mradi wake wa pembeni. Wa Thobias ulikuwa ng'ombe wawili wa maziwa nyuma ya nyumba yake. Kila asubuhi alipita Kihonda kwa baiskeli, na Juliana alikuwa akinunua kwake nusu lita. Ni yeye tena, Modesta aliwaza. Ameniibia koti, sasa anataka mjukuu.

Kesho yake, saa nne, wakati wa chai ya nje chini ya kibaraza, Modesta aliweka chupa ya maziwa mbele ya Daktari na kumtolea Thobias uvivu.

"Maziwa haya ni ya huyu. Mwanangu anayanywa na anaumwa homa ya jioni. Naomba yapimwe, na wote mkiwa hapa."

Watu waliacha vikombe hewani. Thobias aliweka chini cha kwake.

"Shikamoo, mama," alisema. "Hatujaamkiana leo."

"Marahaba. Pima."

Daktari alisita, kisha akaitikia kwa kichwa. Kipimo chenyewe Modesta alikuwa amekiona mara mia. Unatia maziwa kwenye kijichupa chembamba, unadondoshea rangi ya zambarau, unakiweka kwenye maji ya uvuguvugu saa nzima. Krimu ikipanda juu ikiwa zambarau, ng'ombe ana ugonjwa. Ikipanda ikiwa nyeupe na rangi ikabaki chini, ng'ombe ni mzima. Thobias alipima mwenyewe, na Modesta akamsimamia begani asije akafanya ujanja.

Saa moja ikapita. Krimu ilikuwa nyeupe kabisa.

Hakuna aliyecheka, na hilo lilikuwa baya zaidi. Thobias alikwenda kukitumbukiza kijichupa kwenye dawa. Modesta aliumbuka, lakini bado hakutulia. Akamfuata Daktari ofisini, akamwomba ampime Juliana damu.

"Mama Juliana," Daktari alisema, "dawa ya kipimo cha damu imebaki chupa moja ya mwisho, na nyingine imeagizwa nje. Kuna ng'ombe mia mbili wa ranchi wanaisubiri. Binti yako hafugi, hachinji, maziwa anayokunywa ni safi. Hiyo ni malaria sugu, mpeleke hospitali. Nikiifungua chupa ile lazima nieleze kwa nini. Nipe sababu."

Sababu hakuwa nayo. Na juu ya meza ya Daktari palikuwa na barua ya wizara iliyotaka majina matano kati ya kumi na mawili, ya watu wa kupunguzwa kazini, kwa kuangalia mwenendo. Modesta aliiona, akaaga haraka.

Alifika nyumbani saa tisa, akiwa bado anatafuta wa kumshuku. Labda Thobias alibadilisha chupa? Lakini chupa aliipeleka yeye mwenyewe, mkononi. Labda rangi ilikuwa imeharibika? Labda jirani alileta nyama? Aliingia uani na maswali hayo, akamkuta Juliana amekaa kigodani, uso umempauka, beseni katikati ya miguu, anafua.

Alikuwa anafua koti, lile ambalo Modesta, kwa haraka ya kubeba chupa ya maziwa, alikuwa amelisahau nyumbani asubuhi, akashinda na lililochanika. Ameikunja mikono miwili ya koti, anaisugua mmoja kwa mwingine, karibu na kifua, kwa nguvu zote za mgonjwa. Povu lilikuwa limemrukia kidevuni na mdomoni. Akajifuta kwa kiganja.

"Mama, hili doa la kwenye mkono mpaka leo halijatoka lote," alisema. "Ni la nini?"

Modesta alijua ni la nini. Alikuwa amejisahaulisha tu.

Ilikuwa mwishoni mwa mwezi wa kwanza. Umeme ulikatika pipa la mvuke likiwa katikati ya kupika, ukarudi, na mtu akadhani limekwisha, akazitoa chupa. Modesta alifungua ya kwanza akanusa. Vitu vilivyopikwa hutoa harufu ya supu iliyoungua. Ile ilinukia utamu utamu, harufu ya vitu vibichi. Akashtuka, chupa ikamponyoka, uji mwekundu wa kuoteshea wadudu ukammwagikia mkono wa koti. Meza aliimwagia dawa. Chupa alizirudisha kupikwa, na akamfokea kila mtu. Mkono wa koti aliufuta kwa kitambaa kibichi. Kwenye daftari la ajali hakuandika, kwa sababu wiki hiyo ndipo uvumi wa kupunguzwa ulipoanza, na alijua ni daftari lipi litasomwa kwanza. Jioni alitumbukiza koti lililochanika kwenye ndoo, kwa kishindo, na lile lenye uji akalikunja, akalitia kwenye rambo, akalipeleka nyumbani kwa mwanawe mwenye mimba.

Sasa hakubaki mtu wa kumshuku. Alisimama pale uani akipiga hesabu. Kama akinyamaza, Juliana atapewa klorokwini ya tatu na mtoto atatoka. Kama akisema, amejiandika mwenyewe kwenye barua ya wizara, tena wa kwanza, na miaka kumi na minne ya kuwanyooshea watu kidole itakuwa kichekesho cha mji mzima. Nitamwongopa nani, akajiuliza, na siku zinakwenda?

"Acha hilo," alimwambia Juliana. "Liache. Usiliguse tena. Nawa mikono, nawa na uso."

"Kuna nini, mama?"

"Nawa kwanza."

Akalitia koti kwenye ndoo yenye mfuniko, likiwa linachuruzika, akarudi nalo kazini kwa miguu. Daktari alikuwa anafunga dirisha. Thobias alikuwa anapakia madebe yake ya maziwa kwenye baiskeli. Modesta alimwita naye aingie. Kama ni kusikia, basi asikie na yule aliyesingiziwa.

"Daktari, uliniomba sababu. Ni hii."

Akafunua ndoo. Akaeleza yote, kuanzia muuza nyama hadi uji mwekundu, bila kupunguza.

"Tangu mwaka wa tisini?" Daktari aliuliza.

"Tangu mwaka wa tisini."

"Kila siku?"

"Kila siku, Daktari."

Daktari aliketi. Alivua miwani, akaivaa tena. Hakufoka. Modesta angependa afoke.

Thobias ndiye aliyesema. "Nipe dakika ishirini nimlete binti. Abebwe, asitembee."

Akashusha madebe ya maziwa pale pale chini, akapanda baiskeli akaondoka. Modesta alimtazama hadi alipopotea, na kwa mara ya kwanza hakuwa na la kumdhania.

Juliana aliletwa akiwa amejifunika kanga mbili. Damu ikatolewa kidogo, ikasubiriwa itengane, yale maji yake yakawekwa tone moja kwenye kigae cheupe. Daktari akafungua chupa ya mwisho, akadondosha dawa ya waridi pembeni, akachanganya kwa kijiti na kukiyumbisha kigae taratibu. Ikibaki laini, mtu ni mzima. Dakika ya kwanza ilibaki laini. Ya pili, Modesta aliona chembe. Ya tatu, zikaanza kushikana, mabonge madogo madogo, mfano wa maziwa yanapokatika sufuriani.

"Ni ugonjwa gani?" Juliana aliuliza.

Wanaume wawili walimtazama Modesta. Ikabidi ataje yeye. Alitaja jina lile, mbele ya tumbo lile, kisha akaeleza lilivyofika nyumbani. Juliana alisikiliza akiwa anatazama kigae.

"Nilikuwa nalifua kila wiki," alisema mwishowe, kwa sauti ya kawaida. "Ulikuwa unaniambia nisugue sana kwenye mikono."

Daktari aliandika barua, na hospitali wakampa Juliana vidonge vilivyomfanya akojoe rangi ya chungwa, vya wiki sita, bila kukosa hata siku moja. Wafanyakazi wote walipimwa baadaye, dawa ilipokuja. Damu ya Modesta ilikuwa safi, na alilia siku hiyo kuliko siku zote. Majina matano yakatoka mwezi wa tano. La kwake lilikuwa la kwanza, na Daktari alimletea barua nyumbani mwenyewe, badala ya kuibandika ukutani.

Kabla ya kukabidhi funguo alikwenda kwa Thobias, akamkuta anakata majani ya ng'ombe.

"Nilikudhani mwizi wa koti," alisema. "Miaka mitatu."

"Najua, mama. Pale wote walijua."

"Mbona hukuniuliza?"

Thobias alikata fungu jingine. "Ungeniamini?"

Modesta alitikisa kichwa. Akachukua panga la pili, akamsaidia kukata majani hadi mzigo ukatosha, wakaagana vizuri.

Homa ya Juliana iliondoka, lakini yeye hakubaki Kihonda. Hapakuwa na ugomvi. Alisema tu kwamba hewa ya mlimani ni nzuri, na mama yake mdogo, Hosiana, ana nafasi Matombo, jirani na misheni. Modesta alimfungia mizigo. Akabaki akiuza ndizi na mapesheni sokoni, akikaa mbali na bucha. Watu walisema amebadilika. Siku hizi ukiazima kinu anakaa ndani.

Mtoto alizaliwa mwezi wa nane, wa kike, kilo tatu kasoro kidogo, analia kwa sauti ya mwenye shamba. Modesta alipata habari siku ya pili. Alipanda mlimani siku hiyo hiyo, sehemu kwa gari la mizigo na sehemu kwa miguu, na mkungu wa ndizi kichwani, akaimba njia nzima, jambo ambalo hakuna aliyewahi kumsikia akifanya. Ukoo umepata mtu. Hosiana alimpokea mlangoni kwa vigelegele na kumtua mzigo.

Ndani, Juliana alikuwa amekaa kitandani na mtoto kifuani. Alikuwa amenenepa, macho meupe, mzima kabisa. Modesta alinyoosha mikono yote miwili.

"Shikamoo, mama," Juliana alisema, na hakumtoa mtoto. Alisema kwa upole, kwa heshima zote, kama binti aliyelelewa vizuri. "Umenawa?"

Modesta hakuwa na kazi ya maabara tangu mwezi wa tano. Mikono yake ilikuwa na utomvu wa ndizi tu. Alitaka kusema hivyo, akamwona Juliana anavyoitazama, kidole kimoja kimoja, akaacha. Akatoka nje, akaomba sabuni, akanawa hadi kwenye viwiko. Akarudi, mikono ameiinua mbele bila kugusa pazia.

Juliana aliiangalia, kisha akashusha macho.

"Nawa tena kidogo, mama," alisema. "Samahani."

Modesta akatoka kunawa tena.